Mama Tanuri, Mkwe Wake na Kalkulasi ya Pili

Kiwandani walimwita Mama Tanuri, na jina lenyewe hakulichukia. Alikuwa mkuu wa zamu ya asubuhi katika kiwanda cha mikate, mwanamke wa makamo mwenye mikono iliyokwisha zoeana na moto, na sauti iliyosikika juu ya mashine zote. Akisema jambo, amelisema. Akikosea, alikosea kwa sauti ile ile.

Kiwanda kilipotangaza kwamba anayetaka kuwa msimamizi wa ubora sharti awe na stashahada, wenzake wengi walisema hayo ni mambo ya watoto. Yeye akajiandikisha chuoni, madarasa ya alasiri. Kozi ya kwanza ya kalkulasi ilikuwa ya lazima, akaifaulu. Ya pili haikuwa ya lazima. Mtu aliruhusiwa kuchukua takwimu badala yake, na karibu wote walikimbilia huko.

"Umeshavuka mto salama," rafiki yake wa kiwandani alimwambia, "sasa unarudi majini kutafuta nini?"

"Kozi ya kwanza imenifundisha kitu kinabadilika kwa kasi gani," alijibu. "Haijaniambia kinaishia wapi. Mimi si mtu wa kutoka sinemani picha ikiwa katikati."

Mume wake, fundi viatu, alicheka aliposikia. "Nenda tu, mke wangu. Ila siku utakayoanza kuniita eksi, kama ile ya hesabu zako, nakurudisha kwenu."

Siku ya kwanza ya kozi aliingia darasani na mkoba wake begani, bado ana unga kwenye nyusi, akapigwa na butwaa. Kwenye kiti cha mbele kabisa alikuwa amekaa mkwe wake.

Mkwe, yaani mkwe mtarajiwa. Jumapili chache kabla ya hapo binti yake alikuwa amemleta nyumbani kumtambulisha: kijana mrefu, mtaratibu, mwenye kibanda cha kutengeneza simu karibu na stendi. Siku ile alikaa sebuleni magoti yamebanana kama mtu aliyepakata yai, na kikombe chake cha chai kikapoa bila kuguswa. Sasa alipomwona mama mtu mlangoni, aliruka juu, rula ikaanguka, kalamu zikafuata.

"Shikamoo mama!"

Darasa zima liligeuka.

"Marahaba, mwanangu. Kaa, usije ukavunja na kiti."

Mama Tanuri alichukua nafasi ya nyuma. Kijana akapata mtihani kabla hata ya somo kuanza. Kumpa mkwe mgongo ni utovu wa adabu, kukaa karibu naye hawezi, na ubao uko mbele. Akaishia kukaa upande, sikio moja kwa mwalimu na moja kwa mkwe, hadi kipindi kikaisha na shingo imemkauka.

Nje, kwenye ngazi, kijana alimsubiri.

"Mama, nina neno. Hii kozi mimi narudia. Muhula uliopita ilinishinda."

"Kuna wengi wanarudia."

"Ndiyo, mama. Ila binti yako hajui. Anadhani ndiyo naingia mara ya kwanza."

Mama Tanuri alimtazama kama anavyoutazama mkate unaopasuka upande mmoja: hakukasirika, alitaka kujua tatizo lilianzia wapi.

"Sikiliza," alisema. "Mimi sitamwambia, kwa sababu habari si yangu. Lakini akiniuliza sitamdanganya, maana nimemzaa mwenyewe. Kwa hiyo wahi wewe, kabla hajafika huko."

"Nitawahi, mama."

Hakuwahi. Kila wiki alikuwa na sababu: mara binti ana homa, mara amechoka, mara amefurahi mno na kumwambia ni kumharibia siku.

Wiki ya pili mwalimu aliwagawa wanafunzi wawili wawili kwa ajili ya mazoezi. Alikuwa mwanamke kijana, mwepesi wa miguu, ambaye chaki yake ilifika ubaoni kabla yake. Alitaka watu wa kazi tofauti wakae pamoja. Alipita na kidole hewani, useremala na uuguzi, uchoraji ramani na uhasibu, kisha akasema, "Mikate na simu." Kijana alishusha pumzi iliyofunua kurasa za jirani yake.

Wakawa wanakutana maktaba, kwenye meza ya dirishani, baada ya zamu ya asubuhi kumalizika. Mama Tanuri alifanya hesabu kama alivyosimamia zamu. Alinyoosha kidole na kutoa amri: hiki kipeleke huku, hiki kifute, hapa tunajumlisha vipande vidogo vidogo mpaka tupate kizima. Kijana aliandika. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, na kazi yao ya kwanza ilipendeza kwa macho.

Ilirudi na mstari mwekundu kutoka juu hadi chini. Mwalimu alikuwa ameandika pembeni: *Kosa la mstari wa pili limesafiri salama mpaka mwisho.*

Mama Tanuri aliutafuta mstari wa pili. Alama ya kutoa ilikuwa imegeuka kuwa ya kujumlisha. Alikumbuka vizuri kwamba mstari huo ulitoka kinywani mwake.

"Wewe hukuliona hili?"

Kijana alitazama meza. "Niliona, mama."

"Lini?"

"Ulipolisema."

"Ukaliandika?"

"Ndiyo, mama."

"Kurasa mbili nzima ukaandika kitu unachojua si sahihi?"

"Mama, sasa ningekwambiaje?"

Mama Tanuri alicheka mpaka mtunza maktaba akaja kumwangalia. Kijana hakujua kama acheke au aombe radhi, akafanya yote mawili na hakuna lililotoka vizuri.

"Sikia, bwana mdogo," alisema akijifuta macho. "Nyumbani kwangu wewe ni mkwe, na heshima yako nimeiona, nashukuru. Lakini kwenye meza hii hakuna mkwe. Hapa kuna kilicho sahihi na kisicho sahihi. Ukiniona napotea ukaninyamazia, hujaniheshimu, umeniacha shimoni. Hapa niite mwenzangu."

"Sawa, mama."

"Nani?"

"Mwenzangu," alisema kwa shida, kama mtu aliyemeza ndimu.

Tangu hapo kazi zao zikaanza kunyooka, ingawa kila sahihisho lilitanguliwa na samahani tatu. Mama Tanuri alikuwa na yake ya kumfundisha pia. Kijana alikuwa hodari wa kufuata kanuni, ila swali likiletwa kwa maneno alikwama mlangoni. Yeye maneno hayakumtisha. "Soma pole pole," alimwambia. "Nini kinaongezeka? Nini kinapungua? Nani anamsukuma nani? Ukishajua hayo, kanuni utaichagua kama unavyochagua bisibisi."

Mtihani wa katikati ya muhula ulimtoa Mama Tanuri jasho. Alipata alama ambazo hata mume wake, mtu wa kumsifu kwa kila kitu, alizitazama akasema tu, "Karatasi yenyewe ni nzuri." Wengine wawili waliopata kama yeye walihamia takwimu siku hiyo hiyo. Mama Tanuri alikwenda ofisini kwa mwalimu na karatasi yake mkononi.

"Sikuja kuomba alama," alisema. "Nimekuja unionyeshe nilipoanzia kupotea. Hata tanuri la kwanza la asubuhi huunguza, lakini hatufungi kiwanda."

Mwalimu alivuta kiti. Walikaa nusu ya alasiri, na ikaonekana kwamba hakupotea kila mahali. Alipotea njia panda moja, ile ya kuchagua namna ya kukivunja kitu kikubwa ili kiweze kujumlishwa. Alirudi nyumbani na mafungu ya mazoezi, akayamaliza yote wiki ile, mengine akiwa amesimama jikoni, mwiko mkono wa kulia na kalamu wa kushoto.

Kisha ukaja wakati wa kazi ya mradi. Kila jozi ichague kitu cha kweli kinachobadilika, ikiandikie mlinganyo, ikipime. Mama Tanuri hakuhitaji kufikiri. Alikuwa na ugomvi wa miaka mingi uliokuwa ukingoja hakimu.

Mkuu wa zamu ya jioni pale kiwandani alikuwa shemeji yake, mdogo wa mume wake, mtu wa maneno mengi na masharubu yaliyotunzwa. Walipendana na hawakuelewana, na kiini chake kilikuwa feni. Mkate ukitoka tanurini haukatwi moto moto. Kisu hunata, slesi hukunjana, na ukiuingiza kwenye mfuko ukiwa na joto unatoka jasho na kesho una ukungu. Basi mikate huwekwa kwenye rafu ipoe kwa muda wa saa moja. Kiwanda kilikuwa na feni moja kubwa la magurudumu, na nusu ya saa hiyo feni lilitakiwa kwenye chumba cha kukandia unga, ambako watu walikuwa wanapikika. Swali likawa: rafu zipewe feni nusu ya kwanza au nusu ya pili?

"Ya kwanza," alisema shemeji. "Adui mpige angali mlangoni."

"Ya pili," alisema Mama Tanuri. "Mkate wa moto unajipoza wenyewe. Msaada mpe aliyechoka."

Kila mmoja alifuata njia yake kwenye zamu yake, na mkate mmoja ulipofanya ukungu mjini, kila mmoja alijua ni wa zamu gani. Ugomvi huo ulifuata familia mpaka mezani, hadi fundi viatu akapiga marufuku neno feni wakati wa chakula.

"Nataka kalkulasi imnyamazishe shemeji yangu," Mama Tanuri alimwambia mwalimu.

"Kalkulasi haina shemeji," alijibu mwalimu. "Niletee mlinganyo."

Shemeji alipopata habari alifurahi kuliko wote. Waliwekeana sharti mbele ya zamu zote mbili: atakayeshindwa atalisukuma lile feni, na gurudumu lake bovu, kwa zamu zote mbili mwezi mzima.

Mlinganyo haukuwa mgumu kuuandika. Mkate hupoa haraka ukiwa na joto zaidi kuliko chumba, na kadiri unavyokaribia joto la chumba ndivyo unavyopoa taratibu. Feni likiwaka, kasi inaongezeka, likizimwa, inapungua. Kilichobaki ni kujumlisha hizo kasi kwa saa nzima. Waligawana: kijana akajumlishe kwa feni la mwanzo na feni la mwisho, Mama Tanuri apange namna ya kupima.

Siku ya kukutana kijana alichelewa. Alipokuja hakukaa. Alisimama ameshika kiti, akakohoa, akatazama dirishani.

"Mwenzangu," alisema, na safari hii hakuanza na samahani. "Umekosea. Na shemeji yako amekosea."

"Sote wawili? Haiwezekani. Mmoja wetu lazima awe sahihi."

"Feni mwanzo, feni mwisho, mkate unafikia joto lile lile."

Mama Tanuri alimnyang'anya karatasi. Alihesabu upya toka juu. Alipata lile lile. Akageuza ukurasa, akaanza kwa njia yake mwenyewe, akiwa na hakika kwamba kijana ameangusha alama mahali. Kijana alimwacha. Alipofika mstari wa mwisho, jibu lilikuwa limemkalia pale pale.

"Nieleze kwa maneno," alisema. "Kama wewe ndiye mwoka mikate."

Kijana alifikiri kidogo. "Tuseme nusu saa yenye feni inabakiza theluthi ya joto la ziada. Na nusu saa bila feni inabakiza nusu yake. Ukianza na feni, unapata nusu ya theluthi. Ukimaliza na feni, unapata theluthi ya nusu."

"Na hivyo ni kitu kimoja."

"Ni kitu kimoja. Inahesabika jumla ya kupozwa. Nani alitangulia haijalishi."

Mama Tanuri aliweka kalamu chini. Kwanza alijisikia kama mtu aliyepandishwa gari akateremshwa palepale. Miaka yote ile! Halafu kitu kikaanza kumtekenya kifuani.

"Kwa hiyo nimegombana bure?"

"Bure, mwenzangu."

"Na shemeji naye amegombana bure?"

"Bure kabisa."

"Basi hapo nafarijika." Alicheka, kisha akamtazama kijana kwa makini. "Umeweza kuniambia mimi usoni kwamba nimekosea. Sasa yule mwenzio amekushindaje?"

Jioni ile ile kijana alikwenda kumwambia binti. Na binti, aliyekuwa akiuza kwenye duka la dawa na hakuwa mtu wa kupiga kelele, alirudi nyumbani akaingia moja kwa moja jikoni kwa mama yake.

"Mama, ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza ya masomo."

"Mkakaa maktaba muhula mzima, mkacheka, na mimi namtakia heri ya mara ya kwanza." Aliweka mkoba mezani. "Kufeli si kitu, mama. Nani hajafeli? Ila nataka kujua naolewa na mtu aliyefeli au na mtu anayeficha."

Mama Tanuri angeweza kumtetea kijana, na maneno alikuwa nayo. Hakuyatoa.

"Hilo muulize yeye, mpaka uridhike. La kwangu ni hili: nilisema nampa siku chache akwambie mwenyewe, halafu nikaziacha zikawa nyingi. Hapo nilikukosea, mwanangu."

Binti aliitikia kwa kichwa, akaenda kulala. Mama yake alisamehewa kesho yake asubuhi. Kijana hakusamehewa. Wiki nzima binti hakupokea salamu yake wala simu yake, na kijana alikonda mashavu. Pale maktaba, hata hivyo, alifanya hesabu vizuri kuliko wakati wowote. Hakuwa na sababu ya kuitazama simu.

Siku ya kupima walichagua saa ya kubadilishana zamu, ili wote washuhudie. Rafu mbili zilitoka tanurini pamoja, mikate ya donge moja na trei za aina moja. Moja ilipewa feni nusu ya kwanza, nyingine nusu ya pili, na ubao mpana ukawekwa katikati kuzuia upepo usivuke. Kijana alikuwa na kipimajoto chenye sindano ndefu ya kuingia katikati ya mkate. Shemeji alizunguka rafu yake akiipiga mikate makofi ya kuitia moyo. Binti alikuja pia; baba yake mdogo ndiye aliyemwita, akisema hataki mwamuzi awe mkwe wa Mama Tanuri peke yake. Alisimama pembeni na saa ya simu yake. Kijana alipopita mbele ya feni, binti akasema bila kumtazama:

"Simama huku. Unazuia upepo."

Lilikuwa neno la kwanza wiki nzima. Kijana alisogea haraka, na mtu yeyote aliyeiona sura yake angedhani ameambiwa kitu kitamu.

Saa ilipotimia, sindano iliingia kwenye mkate wa rafu ya kwanza, kisha wa pili. Wakapima mitatu mitatu kila upande. Tofauti haikufika hata nyuzi moja.

"Kipimajoto kimehongwa," alisema shemeji.

"Shika mwenyewe," alisema Mama Tanuri.

Akashika, akachoma mkate mwingine, akasogeza macho, akayavuta masharubu. Akataka rafu zibadilishane mahali, warudie kwa donge jipya. Walirudia. Jibu lilikuwa lile lile.

"Shemeji," alisema mwenye masharubu hatimaye, "kumbe sisi wawili ni wajinga."

"Tumelingana mpaka kwenye ujinga. Ukoo mzuri nimeolewa."

Watu walikuwa bado wanacheka wakati mkandaji wa unga, mtu mkimya ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza katika ugomvi wote ule, alipojongea akifuta mikono.

"Kwa hiyo feni naweza kulichukua nusu yoyote?"

"Yoyote," alisema kijana.

"Maana mimi nalitaka mwanzo, nikitia unga. Hapo ndipo tunakufa na joto." Na kabla wakuu wake hawajapata hoja mpya, alilishika feni na kulisukuma kuelekea chumbani kwake, gurudumu likilia njia nzima. Kwa mwezi uliofuata Mama Tanuri na shemeji yake walilisukuma, kila mmoja zamu yake, kwa kuwa wote wawili walikuwa wameshindwa.

Walipouwasilisha mradi darasani, Mama Tanuri alizungumza na kijana akaandika ubaoni. Safari hii kijana alimkatiza mara mbili mbele ya watu wote, na mara zote mbili alikuwa sahihi. Mwishoni mwalimu aliinua mkono.

"Na chumba chenyewe kikizidi kupata joto kadiri rafu zinavyoingia, bado ni sawa kuanza na feni au kumaliza nalo?"

Kijana alimtazama mwenzake.

"Hapo sijui bado," alisema Mama Tanuri, bila kupunguza sauti. "Ila najua pa kuanzia."

Mwalimu alitabasamu akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Matokeo ya mwisho yalibandikwa nje ya ofisi. Mama Tanuri alipata B. Kijana alipata C iliyonyooka, isiyo na mashaka, na alipoiona alimkumbatia aliyekuwa karibu naye, akagundua amemkumbatia mkwe, akaruka nyuma mikono juu kama aliyegusa waya.

"Njoo hapa," alisema Mama Tanuri, akamkumbatia tena yeye mwenyewe. Binti yake, aliyekuwa amesimama nyuma yao, alikuwa keshaiona C ile kabla yao wote, na alikuwa akiipiga picha.

Mama Tanuri alipita kibandani kwa mume wake akielekea nyumbani. Fundi viatu alikuwa ameinama juu ya soli, misumari midogo imepangwa midomoni, akamwuliza kwa nyusi tu.

"Nimefaulu," alisema.

Akaitoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, akaiweka juu ya meza pole pole ili apate nafasi ya kucheka vizuri.